Sanduku lililojichafua lenyewe: uchambuzi wa kisa cha leza ya nanomita 266

Kisa hiki kimeandikwa kwa ajili ya wanaotengeneza leza za urujuanimno, na hasa wanaotoka kwenye leza za kijani au za urefu wa wimbi wa nanomita 355 na kudhani kwamba hatua inayofuata ni ile ile, ila ndefu kidogo. Majina ya kampuni, mteja na wauzaji yameondolewa, na baadhi ya vipimo vimesogezwa kidogo ili mtu asiweze kuvitambua. Mimi nilikuwa msimamizi wa majaribio, kwa hiyo sehemu ya makosa yanayosimuliwa hapa ni yangu.

Mazingira ya kisa

Mteja alikuwa anaunda mashine ya kukagua wefa, yaani zile sahani nyembamba za silikoni zenye kipenyo cha milimita 300 ambazo chipu hujengwa juu yake. Mashine ya namna hiyo humulika uso wa wefa kwa leza, wefa ikizunguka, na kutafuta mwanga uliotawanywa na chembe ya vumbi au kasoro. Mahali penye kitu cha kutawanya panang'aa, pengine pote ni giza.

Tatizo la chembe ndogo ni kwamba zinatawanya mwanga kidogo mno. Chembe iliyo ndogo sana kuliko urefu wa wimbi, ukipunguza kipenyo chake kwa nusu, mwanga unaotawanywa hupungua mara 64. Njia moja ya kufidia ni kufupisha wimbi, kwa sababu mtawanyo hupanda kwa kipeo cha nne wimbi linapofupishwa. Kutoka nanomita 532 hadi 266 unapata mara 16. Mteja alikuwa tayari anatumia 355, kwa hiyo kuhamia 266 kungempa karibu mara 3. Kwenye biashara hii mara 3 ni kizazi kizima cha mashine.

Alichotaka kilikuwa wati 1.5 za nanomita 266, mwale wa duara, saa 5,000 bila fundi kufungua kifuniko. Wati tulijua tutazipata. Saa ndizo zilizotutesa.

Jinsi leza ilivyopangwa, na kwa nini tulichagua fuwele ile

Hakuna fuwele ya leza inayotoa 266 moja kwa moja kwa nguvu ya kutosha. Unaanza na mwanga wa infraredi wa 1064 kutoka fuwele ya leza iitwayo Nd:YAG au nduguye, unaupitisha kwenye fuwele ya LBO ili upate kijani cha 532, kisha kijani hicho kinapita kwenye fuwele nyingine inayokikata wimbi nusu tena. Fuwele hiyo ya pili ndiyo moyo wa mambo, na chaguo lake kwa kazi kama yetu lilikuwa kati ya mbili: BBO au CLBO.

Kielelezo cha kwanza, kilichojengwa wazi juu ya meza ya maabara, kilitumia BBO. Kilifanya kazi miezi mitatu, na ukweli ni kwamba hakikutusumbua. Kasoro yake ilikuwa umbo la mwale. Ndani ya BBO mwale wa 266 huachana na mwale wa kijani kwa karibu digrii 5, hivyo unatoka umenyooshwa upande mmoja kama yai. Unaweza kuurekebisha kwa lenzi, lakini unapoteza nguvu na mteja anapata nukta isiyotulia. Katika CLBO kuachana huko ni chini ya digrii 2. Mwale unatoka karibu duara.

CLBO ina tabia yake. Inapenda maji. Ikiachwa kwenye hewa yenye unyevu inafyonza unyevu hadi inapasuka, na dawa inayojulikana ni kuiweka kwenye kitanuri cha nyuzi 150 wakati wote, hata leza ikiwa imezimwa. Tuliona hilo ni gharama ndogo. Fundi mitambo akachora kitanuri kizuri cha shaba, akakifunga vizuri, waya za kipima joto zikapitishwa ndani ya mfuko laini unaostahimili joto, na grisi ya kupitisha joto ikapakwa chini ya kishikio. Kila kitu kilikuwa na cheti cha kustahimili nyuzi 200. Kustahimili ni jambo moja. Mvuke unaotoka wakati wa kustahimili ni jambo jingine, na cheti hakikuuzungumzia. Naomba msomaji aishike sentensi hiyo.

Kisha tukaweka yote ndani ya sanduku lililofungwa, ili vumbi na unyevu visiingie.

Mfuatano wa matukio

Jaribio la kupokelewa lilikuwa la saa 72. Leza mbili zilipita, tukazituma. Nitaziita A na B.

Kabla ya kuendelea lazima nieleze kidhibiti. Ndani ya leza kulikuwa na kipimo cha nguvu kilichosoma wati za 266 zinazotoka. Zikipungua, kidhibiti kinaongeza mkondo wa daiodi zinazoisukuma leza, kijani kinaongezeka, na 266 inarudi kwenye 1.5. Mteja akitazama skrini anaona mstari ulionyooka. Ni utaratibu wa kawaida na mimi mwenyewe niliuidhinisha. Maana yake, hata hivyo, ni kwamba leza inaweza kuugua wiki mbili huku uso wake ukionyesha afya, hadi siku mkondo unapogonga kikomo na nguvu kuanguka ghafla.

Ndivyo ilivyokuwa. Leza A ilianguka baada ya saa 310. Tulikuwa tumejiandaa: fuwele ilikaa juu ya kisogezi kidogo, na utaratibu ulisema nukta moja ikichoka, sogeza fuwele nusu milimita, mwale upite mahali papya. Kila fuwele ilipangiwa nukta kumi za saa 500 kila moja. Mteja akasogeza. Nguvu ikarudi, naye akaandika barua pepe ya mstari mmoja: imerudi, asanteni.

Nukta ya pili ikafa baada ya saa 190. Ya tatu, saa 120.

Uamuzi wetu wa kwanza ulikuwa kumlaumu muuzaji wa fuwele, na haukuwa wa kijinga. Fuwele za urujuanimno huharibika kweli. Kwa wimbi fupi namna hii fotoni mbili zikifyonzwa kwa pamoja zina nishati ya kuvuka pengo la elektroni la fuwele, na zinaweza kuacha kasoro za kudumu ndani yake. Tena dalili zilikubali: ukisogeza, inapona. Tukaagiza fuwele ya kundi jingine, fundi akasafiri, akaifunga. Ilikufa baada ya saa 100 na kitu.

Uamuzi wa pili ulitokana na hofu ya unyevu. Leza B ikarudishwa maabara. Tulikaza mipira yote ya kuzibia, tukafuta vioo kama ilivyo desturi, na tukaanza kupitisha naitrojeni safi kabisa ndani ya sanduku badala ya hewa iliyomo. Kwa akili ya kawaida tulikuwa tumesafisha mazingira kuliko wakati wowote.

Ikafa baada ya saa 80.

Siku hiyo kikao kilikuwa kirefu na hakikuwa na adabu sana. Mtu mmoja alisema turudi BBO. Mwingine alitaka tupunguze ahadi hadi wati 1. Mimi nilitetea kundi la tatu la fuwele, na kumbukumbu za kikao zinanionyesha hivyo.

Taa ya mkononi

Aliyetutoa gizani ni fundi mdogo kuliko wote chumbani. Alikuwa amepewa kazi ya kufungua leza B na kuondoa fuwele. Kabla hajaigusa, alizima taa za chumba na kumulika ndani kwa tochi, kwa pembe, karibu sawia na uso wa vioo. Akatuita: "Jamani, hebu njooni mtazame hiki kioo."

Si fuwele. Kioo. Kile kinachofuata baada ya fuwele, kazi yake kutenganisha 266 na kijani kilichobaki. Katikati yake kulikuwa na doa la weupe hafifu kama pumzi juu ya dirisha, ukubwa wake sawasawa na mwale, na kulizunguka kulikuwa na ukingo wa kahawia. Ukikitazama kioo kwa mbele usingeuona. Kwa tochi ya pembeni ulionekana kama pete ya kikombe mezani. Kisha akamulika uso wa fuwele unaotoa mwanga: pete ile ile, ndogo zaidi, moja kwa kila nukta tuliyoitumia.

Tulifuta kioo kwa methanoli. Kahawia ikatoka. Weupe haukutoka.

Hapo ndipo nilipofungua upya kumbukumbu za leza A, ambazo zilikuwa nasi miezi yote hiyo, na nikaangalia namba ambayo hakuna aliyeitazama: mkondo wa daiodi mwanzoni mwa kila nukta. Nukta ya kwanza ilianza kwa ampea 31.0. Ya pili ilianza kwa 31.9. Ya tatu, 33.2. Fuwele mpya kabisa, kundi jipya, ilianza kwa 33.9.

Kama ugonjwa ungekuwa ndani ya fuwele, nukta mpya ingeturudisha 31.0. Fuwele mpya ingeturudisha 31.0 bila ubishi. Haikuturudisha kwa sababu kioo kilichofuata hakikuwahi kusogezwa wala kubadilishwa, na kila saa kilizidi kuziba. Fundi aliyefunga fuwele mpya alikuwa ameiona ile 33.9. Aliandika pembeni: mpangilio wa mwale bado haujakaa sawa. Nami nilitia saini.

Kuna kisa cha zamani kila anayefanya kazi hii amekisikia. Mwaka 1961 Peter Franken na wenzake wa Chuo Kikuu cha Michigan walipitisha leza ya rubi ya nanomita 694 kwenye kwazi na kupata mwanga wa 347, mara ya kwanza mtu kukata wimbi la leza nusu. Picha waliyochapisha ina mshale unaoelekeza mahali pasipo na kitu: inasemekana doa dogo lililothibitisha ugunduzi lilidhaniwa kuwa uchafu, likafutwa. Wale waliona fizikia wakaiita uchafu. Sisi tuliona uchafu tukauita fizikia.

Kutafuta chanzo

Tuliweka kipande cha kioo cha silika ndani ya sanduku kama shahidi, kwenye njia ya mwale, tukaendesha saa 60, tukakipeleka maabara ya kemia. Jibu lilirudi: silikoni na oksijeni. Tukashangilia nusu dakika, hadi mtu akauliza silika yenyewe imetengenezwa na nini. Silikoni na oksijeni. Tulikuwa tumelipia kipimo kinachosema kioo ni kioo.

Mara ya pili tulitumia dirisha la floridi ya kalsiamu, ambalo halina silikoni hata chembe, na pia tulitoa sadaka ile fuwele iliyokufa, kwa sababu CLBO ni sisiamu, lithiamu, boroni na oksijeni tu. Silikoni ilionekana kwenye vyote viwili, ndani ya doa, na si nje yake. Ukingo wa kahawia ulikuwa kaboni.

Kwa bahati mbaya lugha yetu imewapa ndugu wawili jina moja. Kuna silikoni ya wefa, ambayo ni elementi, na kuna silikoni ya mpira: ile ya gundi, mipira ya kuzibia, mifuko ya waya na grisi ya joto. Ya pili ndiyo iliyotuponza. Mfuko wa waya za kipima joto ulikuwa wa silikoni ya mpira. Grisi chini ya kishikio pia. Vyote viwili tulikuwa tumevioka kwa nyuzi 150, mchana na usiku, sentimita mbili kutoka kwenye mwale wa urujuanimno. Vilistahimili kama cheti kilivyosema, na muda wote vilikuwa vinatoa mvuke wa siloksani, yaani molekuli ndogo za silikoni hiyo ya mpira. Mvuke ukitua juu ya kioo, mwanga unausagasaga, na kinachobaki ni silika: glasi iliyoota juu ya glasi. Ndiyo maana methanoli haikuiondoa. Kikulacho ki nguoni mwako.

Kahawia ilikuwa na hadithi tofauti. Fotoni ya nanomita 266 ina nishati ya elektroni-volti 4.66. Kifungo cha kaboni na kaboni kinahitaji karibu 3.6, cha kaboni na haidrojeni karibu 4.3. Kwa hiyo mvuke wowote wa mafuta au gundi unaokatiza mwale unaweza kuvunjwa na kuacha masizi. Fotoni ya 355 ina kama 3.5, na hapo ndipo uzoefu wetu wa miaka ulipotudanganya, kwa sababu kwa 355 uchafu ule ule ulikuwa unaenda polepole kiasi cha kutoonekana.

Na naitrojeni? Hewa ya kawaida ina oksijeni, na oksijeni mbele ya urujuanimno huunguza masizi yanapozaliwa. Tulipoweka naitrojeni safi tulimfukuza mfagiaji. Jambo hili si siri. Setilaiti ya Aeolus, iliyorushwa 2018 ikiwa na leza ya nanomita 355, ilibebeshwa oksijeni ya shinikizo dogo kwa sababu hiyo hiyo. Lakini oksijeni haiwezi kitu kwa siloksani, maana silika imekwisha kuungua. Ile meza yetu ya wazi yenye BBO, ambayo kila mgeni alitucheka kwa vumbi lake, ilikuwa na oksijeni ya bure, haikuwa na kitanuri cha nyuzi 150, na hewa yake ilibadilika kila dakika.

Tulichobadilisha

Kitanuri kilichorwa upya kwa chuma na kauri, waya zikavaa shanga za kauri. Grisi iliondolewa, nyuso mbili ilizokuwa kati yake zilisuguliwa hadi zikakutana vizuri. Gundi kwenye vioo ilibadilishwa kwa vibano. Kila kipande kiliokwa kwenye ombwe kwa joto linalozidi la kazi kabla ya kuingia. Sehemu ya 266 ilitengewa chumba chake ndani ya sanduku, chenye mtiririko wa hewa kavu iliyochujwa kwa kaboni, ikiingia upande wa vioo na kutoka upande wa kitanuri, ili mvuke wowote uondoke badala ya kuzunguka.

Mwelekeo huo wa hewa ulileta ubishi kuliko kitu kingine chochote. Fundi mitambo alitaka iingie karibu na kitanuri kwa sababu bomba lingekuwa fupi. Alishindwa, na bado anaamini alionewa.

Matokeo

Leza iliyofuata ilifika saa 500 kwa nukta ya kwanza, mkondo ukiwa umepanda kwa ampea 0.8 tu. Nukta ya pili ilianza kwa 31.1. Namba hiyo ndogo ndiyo iliyonipa usingizi, kuliko saa zenyewe.

Tulipoiacha nukta moja iendelee kwa makusudi, ilianza kuchoka baada ya saa 700 bila doa lolote juu ya uso. Huko ni kuchoka kwa fuwele yenyewe. Kwa hiyo fizikia tuliyoilaumu mwanzoni ipo kweli, ila ilikuwa nyuma ya foleni.

Upande wa biashara tulipona nusu. Ilituchukua miezi minane. Katikati ya miezi hiyo mteja alileta muuzaji wa pili, akabaki naye, na leo tunagawana oda. Muuzaji wa fuwele tulimwandikia barua ya kuomba radhi. Alijibu kwa heshima na kupandisha bei.

Uchambuzi

Kosa kubwa halikuwa mfuko wa waya. Mfuko ule ungeweza kuingia kwenye mradi wowote, kwa kuwa aliyeununua hakuwa na orodha ya vitu vilivyokatazwa karibu na mwale, na sisi wa upande wa mwanga hatukuwahi kufikiria kumpa. Kosa lililotugharimu miezi ni kwamba kila hatua yetu ilijaribu dhana moja kwa njia ambayo dhana nyingine ingetoa jibu lile lile. Kusogeza fuwele kunaponya fuwele iliyoharibika ndani, na kunaponya pia fuwele iliyochafuka juu. Tulisogeza, ikapona, tukajiona tumethibitisha. Jaribio lenye maana lingekuwa kuacha fuwele mahali pake na kubadilisha kioo. Lingechukua dakika 40.

Kidhibiti nakitetea. Mteja alikuwa na haki ya mstari ulionyooka. Tulichokosa ni kumwonyesha mkondo kando ya nguvu, na kuweka onyo kwenye kasi ya kupanda kwake. Hata jaribio la saa 72 lilikuwa na ushahidi: mkondo ulipanda kutoka 31.0 hadi 31.3, na ripoti yangu inasema "joto linatulia". Joto halichukui siku tatu kutulia ndani ya sanduku la ukubwa ule. Nilijua.

Kilichotusaidia ni kwamba kumbukumbu zilikuwepo. Hakuna aliyezipanga kwa kusudi hili. Mwandishi wa programu alihifadhi kila kitu kwa sababu hakujua nini kitahitajika.

Uchaguzi wa CLBO bado nauona sahihi, ingawa ndio uliotuletea kitanuri na kitanuri kikatuletea mvuke. Wenzangu wawili hawakubaliani nami. Wanasema BBO na lenzi mbili zaidi zingetufikisha sokoni mapema, na kwa hesabu ya miezi tu wana hoja.

Sasa tunajenga ya nanomita 213, hamoniki ya tano, yaani wimbi la 1064 lililogawanywa kwa tano, na dawa yetu ya hewa kavu haitufai huko. Chini ya takriban nanomita 242 mwanga huvunja oksijeni yenyewe na kuzaa ozoni, ambayo hufyonza urujuanimno na kula mipira. Lazima turudi kwenye naitrojeni, bila mfagiaji, maana yake kaboni isiwepo tangu mwanzo. Orodha ya vitu vilivyokatazwa imefika kurasa nne. Yule fundi wa tochi ndiye anayeitunza, na wiki iliyopita alirudisha kwa muuzaji kasha zima la skrubu kwa sababu lilinukia mafuta.